Mwenye Sauti Yuko Wapi?

Tatizo linaloendesha The Big Broadcast, filamu ya muziki na vichekesho iliyotolewa na Paramount mwaka 1932, ni kwamba mwimbaji anachelewa kazini. Basi. Bing Hornsby ni nyota wa kituo cha redio kiitwacho WADX. Wanawake wanamgombea, mdhamini wa kipindi amekwisha kutoa fedha zake, wapiga ala wako tayari, mshale wa saa unasogea, naye hajulikani alipo. Kwenye ukumbi wa maonyesho msanii akichelewa watu hupiga miluzi na kutia kelele, lakini hungoja, maana wameshalipa na wameshakaa. Redio haijui kungoja. Dakika ikifika na mtu hayupo mbele ya maikrofoni, kinachokwenda hewani ni kimya kitupu, na msikilizaji huko aliko hana hata pazia la kulitazama ajue kwamba kuna kitu kinakuja.

Historia ya sinema huikumbuka filamu hii kwa kuwa ndiyo iliyompa Bing Crosby nafasi yake kubwa ya kwanza katika filamu ndefu. Ni haki yake. Lakini mimi naona imebeba jambo zito kuliko hilo. Katikati ya mizaha na nyimbo zake imeshika kipindi kifupi sana ambapo sauti ya mtu mmoja iliweza kuingia katika nyumba za nchi nzima kwa wakati mmoja, na bado isingeweza kuingia bila mwenyewe kuwepo. Kabla ya miaka hiyo sauti haikufika mbali. Baada ya miaka hiyo haikumhitaji tena mwenyewe. The Big Broadcast imesimama katikati, na vichekesho vyake vyote vinatokana na swali moja tu: mwenye sauti yuko wapi?

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ilitokana na tamthilia ya William Ford Manley iitwayo Wild Waves, na mwongozaji Frank Tuttle hakuibebesha mzigo isioweza kuubeba. Bing Hornsby, ambaye ni Crosby mwenyewe aliyebadilishwa jina la ukoo, anapoteza kazi kwa uchelewaji na anaachwa na Mona Lowe, mwanamke aliyemtia wazimu. Katika huzuni yake anakutana na Leslie McWhinney, tajiri wa mafuta kutoka Texas, ambaye naye moyo wake una jeraha la aina hiyohiyo. Leslie, anayeigizwa na Stuart Erwin kwa upole unaogusa, anakinunua kituo kilichofilisika na kuandaa matangazo makubwa ya usiku mmoja, akiwakusanya wasanii wote wenye majina. Wanakuja wote isipokuwa mmoja.

Ili kuelewa kwa nini Paramount ilitaka filamu ya namna hii, lazima tukumbuke mwaka wenyewe. Marekani ilikuwa imezama katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Tiketi ya sinema ilikuwa fedha ya mkate, ilhali redio ukishainunua haikudai kiingilio. Kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilikuwa kimetangaza matokeo ya uchaguzi wa rais Novemba 2, 1920, vituo vilivyojaribu redio vikiwa vichache. NBC ilianzishwa mwaka 1926, CBS mwaka uliofuata, na kufikia 1932 mitandao hiyo ilikuwa imeunganisha bara zima kwa nyaya za simu. Kipindi cha Amos 'n' Andy kilipendwa kiasi kwamba wenye kumbi za sinema walilazimika kusimamisha picha na kufungulia redio ndani ya ukumbi, la sivyo watu wangebaki nyumbani. Paramount yenyewe ilikuwa imenunua karibu nusu ya hisa za CBS mwaka 1929, ikaziachia mwaka 1932 kwa shida ya fedha, na Januari 1933 ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi.

Kwa hiyo sinema ilikuwa inanyang'anywa watu na redio, na katika dhiki hiyo ikatazama ni kitu gani inacho ambacho mpinzani wake hana. Ilikuwa na nyuso. Mamilioni ya Wamarekani walikuwa wamezipenda sauti za watu ambao hawajawahi kuwaona hata mara moja. Paramount iliwaahidi kwamba watawaona, na ikawapanga mmoja baada ya mwingine: Kate Smith, Vincent Lopez na bendi yake, dada watatu wa Boswell, ndugu wanne wa Mills, Cab Calloway, Arthur Tracy, George Burns na Gracie Allen.

Kila mmoja wa watu hawa analeta swali lake kuhusu sauti na mwili, na hapo ndipo filamu inaponivuta kuliko katika mapenzi ya Bing na Mona.

Mtazame Arthur Tracy. Alipoanza CBS mwaka 1931 jina lake lilifichwa. Wasikilizaji walimjua kama Mwimbaji wa Mtaani tu, mtu mwenye kodiani na sauti yenye majonzi, na kwa miezi kadhaa nchi nzima ilikuwa inajiuliza ni nani. Alikuwa amechagua kujificha ili akishindwa aibu isiwaangukie jamaa zake. Siri ikageuka kuwa nusu ya mvuto wake. Ndani ya filamu anaimba Here Lies Love katika kilabu cha siri cha pombe, kwani marufuku ya pombe ilikuwa bado haijaondolewa, na kwa watu waliomsikiliza gizani sebuleni kwao lazima ilikuwa ajabu kumwona: mwanamume wa kawaida, mwenye uso wa kawaida. Nahisi wapo waliofurahi. Nahisi pia wapo waliopoteza kitu siku ile, kwa sababu uso walioutengeneza wenyewe kichwani ulikuwa mali yao, na huu wa kwenye pazia haukuwa.

Dada wa Boswell, Martha, Connie na Vet, walitoka New Orleans, na walivyokuwa wakipindua wimbo katikati, wakabadilisha mwendo na kuvunja maneno, wakafanya koo tatu ziwe ala moja, waimbaji wengi waliowafuata walijifunza kwao. Ella Fitzgerald alikiri kwamba Connie ndiye aliyemwiga alipokuwa anaanza. Connie hakuweza kutembea tangu utotoni. Redioni hilo halikuwa na maana yoyote. Maikrofoni haikuuliza kama mtu amesimama au ameketi, na sauti yake ilikwenda popote bila kizuizi. Kwenye jukwaa na mbele ya kamera ilibidi mambo yapangwe, kiti na gauni na mahali pa dada zake, ili mtazamaji asitambue. Redio ilimpokea kama alivyo, na sinema, iliyodai kwamba inakuja kuonyesha ukweli wa sura, ndiyo iliyohitaji kuficha.

Kisha kuna ndugu wa Mills kutoka Piqua, mji mdogo wa Ohio. Vijana wanne weusi, gitaa moja, na ndani ya vinywa vyao tarumbeta, besi na tromboni. Inasimuliwa kwamba ufundi ule ulianza katika mashindano ya utotoni, pale mmoja wao alipogundua kwamba hakuja na kazuu yake, kile kidude cha kuvumia mdomoni, akakunja viganja na kuitoa sauti ya tarumbeta kwa midomo mitupu. Santuri zao za mwanzo zilibandikwa maelezo kwamba hakuna ala yoyote iliyotumika ila gitaa moja, maana watu walikuwa hawaamini. Sasa ndani ya filamu wanaimba Tiger Rag, na hapa sura inafanya kazi ambayo redio isingeiweza: tunawaona. Tunaona tarumbeta haipo. Viganja viko mdomoni, midomo inatetemeka, na bendi nzima inasikika kutoka mahali ambapo hakuna shaba hata kipande. Katika filamu yote, hiki ndicho kipande ninachoweza kusema bila kusita kwamba kilihitaji kuonekana.

Lakini ndugu hao na Calloway hawana nafasi ndani ya hadithi. Wanaimba, kisha hadithi inaendelea kana kwamba hawakupita. Ndivyo Hollywood ilivyozoea kuwaweka wasanii weusi, katika vipande vinavyojitegemea ambavyo mwenye ukumbi wa majimbo ya Kusini angeweza kuvikata bila kuharibu mtiririko. Redioni sauti za ndugu wa Mills ziliingia katika nyumba ambazo wao wenyewe wasingeruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Crosby alijua thamani yao, na Desemba 1931 alikuwa amerekodi nao wimbo wa Dinah, mmoja wa nyimbo anazoimba katika filamu hii. Mbele ya maikrofoni moja, ndani ya studio ya kurekodia, waliimba wakijibizana kama wenzi wa kazi. Pazia la sinema liliwatenganisha.

Na yapo mabaya zaidi ambayo sauti iliweza kuyaficha. Amos na Andy waliokuwa wakisimamisha sinema walikuwa wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakiiga lafudhi ya watu weusi. Mwaka 1930 kampuni ya RKO iliwaweka katika filamu iitwayo Check and Double Check, nyuso zao zimepakwa masizi. Bendi ya Duke Ellington ilikuwemo, na wapigaji wake wawili wenye ngozi nyepesi walipakwa rangi ili wasidhaniwe kuwa ni wazungu waliochanganyika na weusi. Bendi inapofika kwenye wimbo wa Three Little Words, vinywa vinavyofunguka ni vya wapigaji wa Ellington, lakini sauti zinazotoka ni za kundi la Rhythm Boys, ambalo mmoja wa waimbaji wake watatu alikuwa kijana aitwaye Bing Crosby. Miaka miwili kabla ya The Big Broadcast, basi, sauti yake ilikuwa imeshatenganishwa na mwili wake na kutiwa katika kinywa cha mtu mwingine. Nalileta hili kwa sababu filamu yetu inatuaminisha kwamba sauti na mtu ni kitu kimoja, na mtu yuleyule aliyeibeba hadithi hiyo alijua tangu mapema kwamba sivyo.

Uimbaji wake nao ulizaliwa na mashine. Kabla ya mwaka 1925 kurekodi kulifanywa kwa pembe kubwa ya bati: mwimbaji anasimama mbele yake na kuijaza kwa kifua, na mtikisiko wa sauti ndio unaosukuma sindano. Kwenye majukwaa nako ilibidi mtu afike mpaka viti vya nyuma kwa nguvu ya mapafu. Ndiyo sababu waimbaji wakubwa wa enzi hiyo, Al Jolson akiwa mbele yao, waliimba kwa kutupa mikono na kupasua anga. Maikrofoni ya umeme ilipokuja, nguvu hiyo haikuwa na kazi tena. Sauti ndogo iliyosogezwa karibu ilifika mbali kuliko kelele. Crosby alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kulitambua hili mpaka kwenye mfupa. Hakumhutubia msikilizaji. Alimwimbia kana kwamba ameketi ubavuni pake, akishuka kwenye noti za chini mahali ambapo mwimbaji wa jukwaa angepanda, akiikata sentensi pale mtu anayezungumza angeikata.

Watu waliogopa. Januari 1932 Kardinali William O'Connell wa Boston aliushutumu hadharani uimbaji huo wa kulialia, akiuona ni fedheha na haumstahili mwanamume. Mtu wa leo hucheka akisikia hivyo, maana nyimbo zenyewe ni za upole mtupu. Mimi sicheki. Kardinali alisikia jambo la kweli: mwanamume mgeni alikuwa ameingia ndani ya nyumba usiku na kuzungumza kwa sauti ambayo hadi wakati ule ilitumiwa na mume, au na mpenzi, na kwa mtu mmoja tu. Sasa ilitumiwa kwa mamilioni, na kila mmoja wao alihisi ni yeye pekee anayeambiwa.

Sehemu inayoonyesha hili kwa ukaribu ni pale Crosby anapoimba Please akisindikizwa na gitaa la Eddie Lang. Hakuna orkesta. Lang, aliyezaliwa Philadelphia kwa jina la Salvatore Massaro, ndiye aliyelitoa gitaa nyuma ya bendi za jazi na kulipa sauti yake, na hapa halishindani na mwimbaji hata kidogo. Linamtangulia hatua moja, linanyamaza, linajibu pale anapovuta pumzi. Wimbo ni wa Leo Robin na Ralph Rainger, na katika mikono ya watu hawa wawili unakuwa mazungumzo ya marafiki. Ukiutazama ujue pia kwamba Lang alifariki Machi 1933, akiwa na miaka 30, baada ya upasuaji wa mafindofindo. Picha za gitaa lake zenye sauti ni chache. Hii ni mojawapo, na kwangu hiyo pekee inatosha kuipa filamu haki ya kutunzwa.

Ipo sehemu moja nzito ambayo vichekesho vya leo visingeigusa. Bing na Leslie, wamelewa na wameachwa, wanakubaliana kufa pamoja na kufungulia gesi chumbani. Wimbo wa Here Lies Love unarudi. Filamu inalichukua jambo hilo kwa wepesi, wanaokolewa na maisha yanaendelea, lakini hadhira ya 1932 ilijua vizuri chumba, gesi na mtu aliyepoteza kazi. Ule ulikuwa wakati ambapo Hollywood haijabanwa na kanuni zake za maadili, ambazo zilianza kusimamiwa kwa mkono mzito mwaka 1934. Calloway naye anaimba humu wimbo wa wavuta kasumba bila mtu kumziba mdomo. Sidhani kwamba ukatili ndio uliowafanya watengenezaji wake wakifanyie kifo mzaha. Walikuwa karibu nacho mno kuweza kukipita kimya.

Sasa tuje kwenye usiku wa matangazo makubwa, kwa kuwa hapa ndipo filamu inapofika kwenye kiini chake. Wasanii wote wamekwisha kuja na Bing hayupo. Leslie anapata wazo: kama mtu haonekani, itafutwe santuri yake ya Please, ichezwe mbele ya maikrofoni, na nani huko majumbani atajua? Anatoka mbio usiku kuisaka. Kipande hiki kinakwenda karibu bila mazungumzo, kwa mtindo wa zile filamu bubu zilizokuwa zimekufa miaka michache tu kabla yake. Katika filamu inayohusu sauti, juhudi kubwa kuliko zote inafanywa kimyakimya, na mtu anayekimbia ni yule asiyejua kuimba.

Tuikumbuke santuri yenyewe. Ilikuwa nzito, ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja uliweza kubeba kama dakika tatu. Ikianguka ilivunjika kama sahani ya udongo. Ikikaribia joto ililegea na kupinda. Kitu dhaifu namna hiyo ndicho Leslie anachokimbiza mjini, na bila shaka hakifiki salama.

Mtazamaji wa siku zile aliona jambo la pili ambalo sisi hatulioni tena. Mitandao mikubwa haikuruhusu santuri kupigwa katika vipindi vyake, na vituo vilivyozipiga vilitakiwa na wasimamizi wa serikali kuwaambia wasikilizaji kwamba hiki ni kitu kilichorekodiwa. Kupiga santuri na kujifanya mtu yuko studio ulikuwa udanganyifu. Msikilizaji aliahidiwa kwamba sauti anayoisikia inatoka kifuani mwa mtu aliye hai dakika ileile, na ahadi hiyo ilichukuliwa kwa uzito. Kwa hiyo Leslie, mtu mwema kuliko wote katika hadithi, yuko njiani kwenda kuwadanganya watu, na hadithi inamwokoa kwa kuiharibu santuri. Akiwa hana tena njia anasimama yeye mwenyewe mbele ya maikrofoni na kujaribu kuimba mithili ya Bing. Kisha Bing anafika, anapokea wimbo palepale, na mambo yanatulia.

Miaka mitano baadaye 20th Century Fox walitoa filamu nyingine ya vichekesho vya redio, Wake Up and Live, ambamo Jack Haley ni kijana anayeogopa maikrofoni mpaka anakauka, halafu anaimba vizuri mbele ya ile anayodhani imezimwa. Ni wazo zuri sana. Ila sauti ya kuimba inayosikika si ya Haley. Ni ya Buddy Clark, aliyesimama nje ya picha. Mwaka 1937 sinema ilikuwa imeshajua kufanya kimyakimya kile ambacho Leslie alishindwa kukifanya.

Na Crosby? Miaka ya vita na iliyofuata alikuwa ameichoka saa. Kipindi chake cha NBC kilikuwa lazima kitangazwe mubashara, na kwa kuwa bara lina saa tofauti, matangazo ya mubashara yaliwalazimu wasanii kurudia kazi ileile ili pwani ya mashariki na ya magharibi zote zipate kipindi kwa wakati unaofaa. Aliomba kurekodi mapema. NBC wakakataa. Mwaka 1946 alihamia ABC, mtandao mdogo zaidi uliokubali, na akaanza kurekodi kwa santuri kubwa ambazo zilififia kila ziliponakiliwa. Hapo akatokea Jack Mullin, mhandisi aliyetumikia kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, ambaye alikuwa ameleta kutoka Ujerumani mashine mbili za kurekodia kwa kanda ya sumaku. Crosby alisikia, akaelewa. Oktoba 1, 1947 kipindi chake kilirushwa kutoka kwenye kanda, na akatoa dola 50,000 kuisaidia kampuni changa ya Ampex kutengeneza mashine hizo Marekani.

Kwa hiyo mtu ambaye mwaka 1932 hadithi nzima ilimngoja afike mwenyewe kwa sababu hakuna kingine kingefaa, ndiye aliyekuja kufanya kuwepo kwake kusiwe na ulazima. Hakufanya hivyo kwa hila. Alitaka muda wa kucheza gofu, alitaka kurekebisha makosa, alitaka wimbo utoke vizuri. Haya ni mahitaji ya mtu wa kawaida anayefanya kazi. Lakini mlango ulipofunguka haukufungwa tena. Mullin alisimulia jinsi mchekeshaji mmoja alivyokuja kwenye kipindi na kutoa vichekesho vya chumvi visivyoweza kurushwa. Wakavikata, ila kicheko cha watu kilikuwa kikubwa mno kutupwa. Wakakihifadhi, na kipindi kingine kilipokuwa baridi wakakibandika humo. Hata hadhira sasa iliweza kuchekea kitu ambacho haikukisikia.

Siwezi kuilaani kanda, na hakuna Mtanzania apendaye muziki anayeweza kuilaani. Bendi zetu za dansi za miaka ya sitini na sabini ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam na kurekodiwa kwa kanda za sumaku, wakati nchi haikuwa na kiwanda cha santuri cha kutegemea, na pasipo kanda hizo sehemu kubwa ya muziki ule ingeishia hewani usiku uleule. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979, na bado redio zinampiga. Deni letu kwa mashine ile ni kubwa.

Mwaka 1977, mwezi Septemba, Crosby alirekodi London kipindi chake cha Krismasi akiwa na mgeni mmoja kijana, David Bowie. Oktoba 14 alifariki karibu na Madrid baada ya mchezo wa gofu. CBS, mtandao uleule ulioanza kumrusha mwaka 1931, ulikitangaza kipindi hicho Novemba 30, na dakika yake ilipofika hakuna aliyetazama mlango wala kutoka mbio usiku. Mwimbaji hakuweza kuchelewa tena.

Baada ya hayo yote, nikiirudia The Big Broadcast simfuati Bing. Yeye na sauti yake wako salama. Walikuwa salama tangu mwanzo, kwani hata pale anapofika kuichukua nafasi ya santuri, anafika akiwa ndani ya ukanda wa filamu, amehifadhiwa kuliko santuri yoyote. Namfuata Leslie McWhinney. Nyimbo zimeandikwa kwa ajili ya mwingine, mwenye kituo ni yeye, santuri imeharibika mikononi mwake na taa ya studio inawaka. Angeweza kuzima mitambo. Anasogea kwenye maikrofoni na sauti mbaya aliyonayo, kwa sababu kuna watu wanasikiliza sasa hivi, na yeye ndiye aliyepo.